Kibali cha Sherehe ya Hekalu: Yaliyotokea Kerala



Kila kamati ya usharika iliyowahi kuandaa mkutano wa hadhara inaifahamu barua ya kuomba kibali. Huandikwa na katibu, husainiwa na mwenyekiti, hugongwa muhuri, kisha hupelekwa kwa OCD wakati jukwaa limeshaanza kujengwa na wahubiri wamekwisha kukata tiketi. Nakiri kwamba hata mimi nimewahi kuipeleka barua ya namna hiyo zikiwa zimebaki siku tatu, nikiamini kwamba jibu haliwezi kuwa jingine ila ndiyo.

Katika toleo hili tumeona vema kueleza jinsi waumini wa dini nyingine, katika nchi nyingine, wanavyoomba kibali cha sherehe zao. Tunazungumzia mahekalu ya Kihindu ya jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Tumechagua Kerala kwa sababu sherehe za huko ni kubwa mno na taratibu zake za vibali zimeandikwa kwa kina. Aidha, alfajiri ya tarehe 10 Aprili 2016 zaidi ya watu 100 walikufa huko katika sherehe ambayo sehemu yake iliyosubiriwa kuliko zote ilikuwa imenyimwa kibali.

SHEREHE YENYEWE

Kerala ilikuwa na watu zaidi ya milioni 33 kwa sensa ya mwaka 2011. Zaidi ya nusu ni Wahindu, takriban robo ni Waislamu, na Wakristo ni karibu asilimia 18. Hekalu la kijiji huwa na sherehe yake ya mwaka, na msimu mkubwa wa sherehe hizo ni wakati wa kiangazi, mpaka karibu na mvua za Juni. Sanamu ya mungu hutolewa nje ya hekalu na kubebwa juu ya tembo aliyevikwa pambo la rangi ya dhahabu usoni. Mbele yake husimama wapiga ngoma na wapuliza tarumbeta, wakati mwingine zaidi ya mia moja kwa pamoja. Usiku hurushwa fataki.

Sherehe inayojulikana kuliko zote ni Thrissur Pooram, iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 18 na mfalme wa Cochin aliyeitwa Sakthan Thampuran. Hufanyika katika uwanja unaolizunguka hekalu la Vadakkunnathan katikati ya mji wa Thrissur. Mahekalu mawili, Paramekkavu na Thiruvambady, huja na tembo 15 kila moja, hujipanga yakitazamana, na juu ya tembo hao watu hubadilishana miavuli ya hariri ya rangi mbalimbali, upande mmoja ukijaribu kuushinda mwingine. Alfajiri hufuata fataki, na hapo pia pande hizo mbili hushindana.

Msomaji aliangalie sana neno hili, kushindana. Kamati ya sherehe huko ni watu wa mtaa, kama kamati zetu. Hupita nyumba kwa nyumba wakikusanya michango, na mchangiaji hutaka kuona mtaa wake ukitia fora. Kamati iliyorusha fataki chache kuliko jirani itayasikia hayo mwaka mzima. Kwa hiyo, anapokuja ofisa wa serikali na kusema fataki zipunguzwe, mjumbe wa kamati husikia kwamba ameambiwa akawaaibishe waliompa fedha zao.

Tuongeze kwamba tembo na fataki si vya Wahindu peke yao. Zipo parokia za Kikristo huko Kerala zinazoandamana na tembo na kurusha fataki katika sikukuu ya mtakatifu wao, na ipo misikiti inayofanya hivyo katika sherehe za mashehe wao. Sheria tutakazozitaja zinawahusu wote.

OFISI ZINAZOOMBWA

Hakuna kibali kimoja kinachoitwa kibali cha sherehe. Kamati huomba kila jambo kwa mwenye mamlaka nalo.

Kwa vipaza sauti, kanuni za kelele za mwaka 2000 zinataka kibali cha maandishi. Kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi vipaza sauti haviruhusiwi mahali pa wazi. Serikali ya jimbo inaweza kuongeza muda mpaka saa sita usiku kwa ajili ya sikukuu za dini au utamaduni, lakini kwa siku zisizozidi 15 kwa mwaka mzima. Eneo la mita 100 kuzunguka hospitali, shule na mahakama linaweza kutangazwa kuwa eneo la utulivu. Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba moja ya hukumu zinazorejewa sana India kuhusu kelele za ibada, ya mwaka 2000, ilihusu kanisa. Kanisa moja la Kipentekoste mjini Chennai lilishtakiwa na chama cha wakazi wa mtaa wake kwa sababu ya vipaza sauti na ngoma. Kanisa lilijitetea kwa haki ya uhuru wa dini. Mahakama ya Juu ya India ilikataa utetezi huo, ikieleza kwamba hakuna dini inayofundisha kuwa sala lazima isaliwe kwa kuwavurugia wengine utulivu. Mahekalu na misikiti imesomewa hukumu hiyo mara nyingi tangu hapo.

Kwa tembo, zipo kanuni za jimbo la Kerala za mwaka 2012 kuhusu tembo wanaofugwa. Kila wilaya ina kamati ya kusimamia jambo hili, na sherehe inayotaka kutumia tembo huandikishwa mbele yake. Huangaliwa kama tembo ana cheti cha daktari wa mifugo, kama ana bima, kama amepumzishwa, na kama ataepushwa na jua kali la mchana na barabara ya lami yenye moto.

Kwa fataki, mlango ni mzito zaidi. Sheria ya baruti ya India ni ya mwaka 1884, wakati wa Mwingereza, na kanuni zinazotumika nayo ni za mwaka 2008. Maombi hupelekwa kwa ofisa anayeitwa Collector. Huyu anafanana kidogo na mkuu wa wilaya wetu, ila yeye ni mtumishi wa kudumu wa serikali, asiye mwanasiasa, na kwa masuala ya usalama ana madaraka ya hakimu wa wilaya. Katika makala hii tutamwita Mkuu wa Wilaya. Yeye hajibu peke yake. Hutaka taarifa ya polisi, ya zimamoto na ya ofisa wa tarafa anayeshughulikia ardhi. Wote hao wanatakiwa kufika mahali penyewe, kupima umbali kutoka uwanja mpaka nyumba za watu, kuangalia ghala la kuhifadhia fataki, na kujua fundi wa fataki ana leseni gani. Juu yao lipo shirika la serikali kuu la usalama wa mafuta na baruti, lenye makao yake makuu Nagpur, ambalo ndilo linaloweka viwango vya kitaalamu. Mathalani, tangu mwaka 1992 ni marufuku nchini India kuchanganya klorati na salfa katika fataki, kwa sababu mchanganyiko huo huweza kulipuka kwa msuguano tu, kabla hata ya kuwashwa.

Katika safari hii yote ya makaratasi yupo mtu mmoja ambaye kamati hupenda kumsahau, naye ni jirani. Jirani anaweza kuandika pingamizi kwa Mkuu wa Wilaya, na ofisi inapaswa kulizingatia kabla ya kujibu. Kibali ni njia mojawapo ya kumpa sauti mtu ambaye kwenye mkutano wa kamati hakualikwa.

PARAVUR, APRILI 2016

Paravur ni mji mdogo wa pwani katika wilaya ya Kollam. Hekalu lake la Puttingal ni la mungu wa kike, Devi, na sherehe yake huangukia mwezi wa Meenam wa kalenda ya Kimalayalam, yaani Machi au Aprili. Lilikuwa likiendeshwa na kamati ya wenyeji. Usiku wa mwisho wa sherehe mafundi wawili wa fataki, kila mmoja na kikosi chake, walikuwa wakishindana, na watu wengi walikuja kutoka vijiji vya mbali kuutazama usiku huo.

Hekalu lilibanwa na makazi. Familia iliyoishi jirani ilikuwa imelalamika kwamba mishindo ya kila mwaka inaharibu nyumba yao na kwamba wakati wa fataki hulazimika kuhama. Haikuwa rahisi kwao, kwa sababu anayelalamikia sherehe ya hekalu la kijiji huonekana adui wa kijiji kizima. Hata hivyo malalamiko yalifika wilayani. Taarifa zilikusanywa, na ofisi ya wilaya ilitoa amri ya maandishi kwamba mashindano ya fataki hayaruhusiwi.

Mpaka hapo utaratibu ulikuwa umefanya kazi yake vizuri. Jirani alisema, ofisi ikasikiliza, hatari ikaonekana mapema, jibu likaandikwa. Lakini fataki zilikwisha kununuliwa na nyingine kutengenezwa. Matangazo yalikwisha kubandikwa. Michango ilikwisha kutumika. Amri ilitoka siku chache tu kabla ya usiku wenyewe. Hapa ndipo mimi, niliyewahi kukaa upande wa kamati, napata kuwaelewa wale wajumbe bila kuwaunga mkono. Walikuwa na karatasi ya kukataliwa mkononi na maelfu ya watu njiani.

Usiku ule fataki zilirushwa. Ilielezwa baadaye kwamba waandaaji waliwaambia polisi kuwa ruhusa ya mdomo ilikwisha kupatikana. Wanasiasa nao walihusishwa katika maneno ya watu, kwa kuwa uchaguzi wa jimbo ulikuwa unafanyika mwezi uliofuata na hakuna mgombea anayependa kuonekana amezuia sherehe. Polisi walikuwepo uwanjani. Baada ya msiba, ofisi ya Mkuu wa Wilaya ilisema amri yake ilikuwa wazi na polisi hawakuitekeleza, na polisi nao walijitetea. Malumbano hayo yalijaza magazeti kwa siku nyingi.

Kiasi cha saa tisa na nusu usiku, fataki zikiwa zimerushwa kwa saa kadhaa, cheche za moto zilifika kwenye ghala zilikohifadhiwa fataki zilizobaki. Ghala lilikuwa ndani ya eneo la hekalu, nalo lilijengwa kwa zege. Lilipolipuka, vipande vya zege viliruka kama mawe ya kombeo na kuwapiga watu waliosimama mbali na moto wenyewe, hata nje ya uwanja. Umeme ulikatika. Zaidi ya watu 100 walikufa, na zaidi ya 300 walijeruhiwa. Majeruhi walipelekwa hospitali za Kollam na za Thiruvananthapuram, makao makuu ya jimbo. Waziri Mkuu Narendra Modi alifika siku hiyo hiyo akiongozana na madaktari wa majeraha ya moto. Nyumba nyingi zilizozunguka hekalu ziliharibika.

Wajumbe wa kamati walikamatwa au kujisalimisha, tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji mstaafu iliundwa, na watu zaidi ya 50 walifunguliwa mashtaka.

Mtu anaweza kusema kwamba huu ni ushahidi kuwa vibali havisaidii kitu. Mimi naona kinyume chake. Ofisi iliiona hatari na kuiandika kabla haijatokea, na karatasi ile ikabaki karatasi. Amri ya kukataza inahitaji mtu wa kuilinda uwanjani usiku ule ule, mwenye uwezo wa kusimama mbele ya umati na kusema fataki hizi zinaondolewa. Hakuwepo. Na neno "ruhusa ya mdomo" lina hatari yake katika nchi yoyote ile, kwa maana halina saini ya mtu atakayejibu kesho.

SIKU MBILI NA SIKU SABA BAADAYE

Tarehe 12 Aprili 2016, kufuatia barua ya mmoja wa majaji wake, Mahakama Kuu ya Kerala ilipiga marufuku fataki zenye mshindo kuanzia jua kuzama mpaka kuchomoza katika sehemu zote za ibada.

Thrissur Pooram ilikuwa iwe tarehe 17 Aprili, wiki moja tu baada ya Paravur. Wenyeji wa Thrissur walipata mshtuko wa aina mbili: huzuni ya msiba, na hofu ya kuona sherehe yao ya karne mbili ikizimwa kwa kosa la wengine. Mahekalu yalikwenda mahakamani. Mahakama iliwaruhusu, kwa masharti ya kiwango cha sauti, aina ya kemikali na ukaguzi wa maofisa. Sherehe ilifanyika na fataki zikarushwa.

Wapo waliokasirika. Walisema watu wamezikwa juzi na leo wengine wanashangilia. Kwa upande wangu naona uamuzi ule ulikuwa na hekima kuliko ulivyoonekana. Kama kila sherehe ingefutwa, kamati nyingi ndogo zingerudi kufanya mambo yao usiku bila kumwambia mtu. Thrissur waliombewa ukaguzi, wakakaguliwa, na kila mtu akaona kwamba anayefuata utaratibu hupata jibu.

TEMBO ALIYEKATALIWA

Mfano mwingine ni wa mwaka 2019, na wenyewe hauna vifo uwanjani, ingawa vilitangulia. Tembo aitwaye Thechikottukavu Ramachandran ni maarufu Kerala kama mchezaji mpira alivyo maarufu kwetu. Ni mrefu mno, ana mashabiki wake, na kwa miaka kadhaa ndiye aliyepewa heshima ya kusukuma mlango wa kusini wa hekalu la Vadakkunnathan siku ya kuamkia Thrissur Pooram, ishara kwamba sherehe imefunguliwa. Lakini macho yake si mazuri, na mwezi Februari mwaka huo, aliposhtuliwa na fataki, aliwaua watu wawili.

Mkuu wa Wilaya ya Thrissur, aliye mwenyekiti wa kamati ya tembo ya wilaya, alimzuia asitembezwe. Ghasia zilikuwa kubwa. Wenye tembo walitangaza kwamba kama Ramachandran hataruhusiwa, hawatatoa tembo hata mmoja kwa sherehe yoyote. Hili lilikuwa tishio zito, kwani Pooram bila tembo ni kama Krismasi bila nyimbo. Suala lilifika mahakamani, kisha serikali ikatafuta ushauri wa kisheria, na mwisho jopo la madaktari wa mifugo likamkagua tembo. Aliruhusiwa asubuhi moja tu, Mei 12, kwa kiasi cha saa moja, watunzaji wake wakiwa pande zote na watu wakiwa nyuma ya vizuizi. Alifika, akafungua mlango, akapandishwa lori kurudi kwake.

Wapenda wanyama waliona serikali imeshindwa, na mashabiki waliona imewanyanyasa. Ukilinganisha na Paravur, utaona jambo moja la muhimu. Hapa "hapana" ya kwanza ililindwa mpaka masharti yalipoandikwa, na waliotaka kuibadilisha walilazimika kumleta tembo mbele ya daktari. Hakuna aliyedai ruhusa ya mdomo.

MITA NGAPI?

Ni makosa kudhani kwamba baada ya 2016 kila kitu kilinyooka. Tarehe 28 Oktoba 2024, karibu na saa sita usiku, ghala la fataki lililokuwa jirani na watazamaji lilishika moto katika sherehe ya hekalu moja huko Nileshwaram, wilaya ya Kasaragod, kaskazini kabisa mwa Kerala. Zaidi ya watu 150 walijeruhiwa, na baadhi yao walifariki siku zilizofuata. Maofisa walisema hakukuwa na leseni wala kibali. Safari hii hata barua ya maombi haikuwepo. Fataki zilikuwa za bei ndogo, na pengine kamati iliona kwamba jambo dogo kiasi hicho halistahili safari ya kwenda wilayani.

Mwezi huo huo, siku chache kabla ya Nileshwaram, serikali kuu ilikuwa imetoa masharti mapya ya fataki. Sharti lililozua mgogoro lilikuwa la umbali wa mita 200 kati ya ghala na mahali pa kurushia. Uwanja wa Thrissur haulingani na kipimo hicho. Mawaziri wa Kerala walilalamika kwamba aliyeandika kanuni hiyo huko Delhi hajawahi kuuona uwanja wenyewe. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ya Kerala nayo ilitoa masharti yake kuhusu tembo: mita 3 kati ya tembo na tembo, mita 8 kati ya tembo na watu, mita 100 kati ya tembo na fataki. Kwa hesabu hiyo tembo 15 hawawezi kujipanga mstari mmoja mbele ya hekalu. Mahekalu ya Thrissur yalikata rufani, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilisimamisha masharti hayo, ikiona hayatekelezeki.

Haikupita miezi miwili. Tarehe 13 Februari 2025, katika hekalu moja huko Koyilandy, wilaya ya Kozhikode, fataki zilirushwa karibu na tembo wawili. Tembo walishtuka, mmoja akamvamia mwenzake, watu wakakimbia ovyo. Watu watatu walikufa. Sisemi kwamba mita zile zingewaokoa. Nasema tu kwamba aliyeandika mita zile alikuwa anafikiria usiku kama ule.

Kuhusu mita 200 za ghala, Thrissur walipata njia ambayo kamati yoyote inaweza kujifunza kitu kwayo. Walijiuliza sharti lenyewe linaogopa nini. Linaogopa ghala lililojaa baruti huku fataki zinaruka angani, kama ilivyokuwa Paravur. Basi wakasema: wakati wa kurusha, ghala letu litakuwa tupu, kila kilichomo kitakuwa kimetolewa na kupangwa uwanjani, na maofisa waje walione. Ushauri wa kisheria ulikubaliana kwamba ghala tupu halihesabiwi kuwa ghala la baruti. Kwa msingi huo Pooram ya Mei 2025 ilipata fataki zake. Ofisa aliyekuja kukagua alikuwa na jambo la kutazama kwa macho yake mwenyewe: mlango wazi na chumba kisicho na kitu.

KUHUSU MUDA

Wasomaji wa kamati za usharika watakuwa wameona kwamba katika mifano hii shida kubwa ilianzia kwenye kalenda. Mahekalu makubwa ya Thrissur huanza kuandikiana na wilaya miezi kadhaa kabla, na hupata nafasi ya kukataliwa, kubishana, kurekebisha ramani na kuomba tena. Paravur jibu lilifika wakati fedha zimekwisha kugeuka baruti. Mwombaji wa namna hiyo huwa haombi tena, anaarifu tu, na ofisi inayomjibu dakika za mwisho inampa karatasi ambayo haiwezi kumzuia.

Wafadhili wetu nao wana sehemu yao katika jambo hili. Tunapotuma bajeti ya mkutano au ya tamasha la kwaya, fedha za jukwaa na vyombo huja kwanza, kwa sababu ndizo zinazoonekana kwenye picha. Idara yetu imeanza kuomba kwamba awamu ya kwanza ya fedha itolewe kwa ajili ya safari za kibali, ramani ya uwanja na kuwatembelea majirani, na awamu ya pili ifuate baada ya nakala ya kibali chenye saini kufika ofisini. Baadhi ya sharika zimelalamika kwamba zinacheleweshwa. Fomu mpya zinapatikana kwa wakuu wa majimbo, na nafasi ya kuandika jina la jirani wa karibu zaidi, pamoja na alichosema, iko ukurasa wa pili.